Ushiriki wa jamii Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na wenyeviti wa vitongoji, akina mama wa vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa mazao) na vijana wa bodaboda kila tunapokaa kuzungumza mambo ya kijiji. Nimeyajibu nikiwa mtu aliyefanya kazi na vikundi vya huku kusini. Sheria inapohusika nimeitaja. Mengine ni maoni yangu, na ninayasimamia.

"Mtaji wa kijamii" ndiyo nini? Mbona sisi shida yetu ni fedha na barabara?

Ni uwezo wa watu kufanya jambo pamoja kwa sababu wanajuana, wanaaminiana na wana taratibu wanazoziheshimu. Mgonjwa akizidiwa usiku wa manane na jirani akatoa pikipiki bila kuuliza nani atalipa mafuta, huo ni mtaji, ingawa haupo benki. Dhana hii haikuanza juzi. Mwaka 1916 L. J. Hanifan, msimamizi wa shule za vijijini katika jimbo la West Virginia, Marekani, aliitumia kueleza kwa nini shule ya kijijini inahitaji majirani wanaokutana na kushirikiana. Miaka ya 1990 Robert Putnam, msomi wa siasa wa Marekani, akaitumia kuonyesha jinsi Wamarekani walivyokuwa wakijitoa kwenye vyama na vikundi vyao.

Ushahidi wa nyumbani upo pia. Mwaka 1995 ulifanyika utafiti katika vijiji vya Tanzania, na Deepa Narayan na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia wakauchambua. Waliona kwamba pale ambapo watu wengi wamo kwenye vikundi, na vikundi hivyo vinafanya kazi vizuri, kipato cha kaya ni kikubwa zaidi. Faida hiyo ilikuwa ya kijiji kizima, haikuishia kwa kaya ya mwanachama. Kwa hiyo anayesema shida yake ni fedha asidhani tumehama mada.

Watu wameacha kweli kushiriki, au ni wazee tu wanaosifia zamani?

Inategemea unaangalia wapi. Kwenye msiba watu wapo. Taarifa ikitangazwa msikitini alfajiri, kufika saa tatu vijana wameshaanza kuchimba kaburi, akina mama wameshawasha moto kwenye mafiga, na mtu mmoja amekaa mkekani na daftari la rambirambi. Katika misiba mingi niliyohudhuria, daftari hilo husomwa kabla watu hawajatawanyika: jina na kiasi, jina na kiasi, fulani unga, fulani mzigo wa kuni. Kisha kinatajwa kilichotumika, na kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele ya watu wote. Hakuna aliyesubiri barua ya mwaliko wala posho.

Wiki hiyohiyo itishe kikao cha kitongoji kuhusu choo cha shule. Watakuja wajumbe, wazee kadhaa, na watoto wanaopita. Kijiji ni kilekile, watu ni walewale. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema watu wa huku wamekuwa wabinafsi. Wamejitoa kwenye mambo ambayo hesabu zake hawazisikii, wakabaki kwenye yale ambayo kila shilingi inatajwa kwa sauti.

Kilichopungua kwelikweli ni kazi za shamba za pamoja. Zamani watu walilimiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Siku hizi palizi ni ya kibarua, na asiyekuwa na fedha ya kibarua anaachia majani.

Kwa nini mkutano mkuu wa kijiji hauna watu?

Tuanze na haki yenyewe, maana wengi hawaijui. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu, na mkutano huo unatakiwa ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inachaguliwa na mkutano huo. Mwenye kijiji, basi, ni wewe uliyebaki nyumbani.

Sababu ya kwanza ya watu kubaki nyumbani ni kwamba mkutano huitishwa pale tu mchango unapohitajika au mgeni kutoka wilayani anapokuja. Mtu akiitwa mara mbili na mara zote mbili akakuta ni kuchangishwa, mara ya tatu haji, na mimi simlaumu.

Ya pili ni taarifa ya mapato na matumizi. Mara nyingi inasomwa mbiombio kwa jumla tupu: mapato kiasi fulani, matumizi kiasi fulani, bakaa kiasi fulani, makofi. Ilinunuliwa mifuko mingapi ya saruji, kwa bei gani, duka gani, nani aliipokea? Hayo ndiyo watu wanayouliza vijiweni jioni, na kwa kuwa hawakujibiwa mkutanoni wanajijibu wenyewe. Majibu yao yanaweza kuwa mabaya kuliko ukweli. Nimewaona viongozi waaminifu kabisa wakiitwa wezi kwa sababu tu hawakusoma risiti zao hadharani.

Ya tatu ni muda. Ukiitisha mkutano asubuhi ya msimu wa kuokota korosho, umeamua mwenyewe watu wasije. Ukiuweka saa ambayo akina mama wako kisimani, umewaondoa nusu ya wajumbe.

Ya nne ni vyama vya siasa. Kila baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, wapo wanaojisikia kwamba mwenyekiti ni wa wenzao. Hapo dawa ni mwenyekiti mwenyewe kuwafuata walioshindwa na kuwapa kazi inayoonekana kwenye kamati za maji, shule au ulinzi.

Ukinibana nitaje jambo moja tu la kurekebisha, nitataja ajenda ya "yatokanayo". Ipo kwenye kila muhtasari na karibu kila mahali inapitwa haraka. Mkutano uliopita tulikubaliana nini, nani alipewa kazi, imefikia wapi? Anzeni hapo, na msihame mpaka kila jambo lijibiwe, hata kama jibu ni kwamba halijafanyika. Watu wakiona neno lao la miezi mitatu iliyopita limefuatiliwa, watasema tena.

Je, Ujamaa ndio ulioua moyo wa kujitolea?

Uliujenga na uliujeruhi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, madarasa, zahanati na visima vingi vilisimama kwa nguvu za wananchi, na kizazi kizima kilijifunza kuendesha vikao na kusoma kupitia elimu ya watu wazima. Wengi wa wazee wanaojua kuongoza kikao vizuri hadi leo ni zao la wakati ule.

Lakini kuhamia vijijini kuligeuka kuwa amri. Huku kusini kulianza mapema, kwa sehemu kwa sababu ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita ya ukombozi wa Msumbiji, na vijiji vilionekana kuwa njia ya ulinzi. Kisha zikaja operesheni za 1973 hadi 1976. Watu wakaachanishwa na mikorosho yao, wengine wakawa mbali nayo kiasi kwamba kuipalilia hakukuwezekana. Mwaka 1973/74 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1980 zilishuka chini ya tani 20,000. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia, na kuhamishwa watu kulichangia.

Anayetaka kuitisha kazi ya pamoja leo akumbuke hilo. Mzee akisikia "wananchi wote mnatakiwa", anasikia sauti ya mgambo. Akisikia "tumekaa na wazee, tumeona tuanze Jumamosi, wewe unaonaje?", anachukua jembe.

Korosho imetuletea fedha. Mbona kila mtu amebaki kivyake?

Fedha za korosho zinaingia kwa mkupuo. Minada inaanza Oktoba, malipo yanapitia benki, na kwa miezi michache kijiji kina fedha. Mwenye fedha anaajiri kibarua, ananunua, hamhitaji jirani. Ikifika Machi au Aprili fedha imekwisha, na hapo ndipo watu wanapouza kwa kangomba: mtu anaweka rehani korosho ambazo bado hazijavunwa, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa au shamba linahitaji palizi. Kangomba huandikwa kama suala la uhalifu. Ukiitazama kutoka uani, ni mtu aliyekosa pa kukopa kwa heshima.

Na korosho yenyewe haikubali ubinafsi. Ubwiriunga unasafiri kwa upepo. Wewe upulizie salfa kwa wakati, jirani yako aache, ugonjwa utarudi kwako kutoka kwake. Wakulima kumi wenye mashamba yanayopakana wakikubaliana ratiba moja na mashine moja ya kupulizia, wakachangia mafuta, wote wanavuna zaidi. Hicho ni kikundi kizuri sana cha kuanzia, maana hakuna wa kuhubiriwa faida yake.

Tutaaminije AMCOS tena?

AMCOS ndicho chama kikubwa kuliko vyote katika vijiji vingi vya huku. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/08, korosho za mkulima zinapitia hapo kabla ya kufika vyama vikuu kama TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao. Ikiyumba AMCOS, imani ya watu kwa ushirika wowote inayumba. Msimu wa 2018/19 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima ulichelewesha malipo ya wengi, na kumbukumbu ile bado iko hai vijijini.

Ushauri wangu ni mfupi. Usisubiri kashfa. Nenda mkutano mkuu wa mwaka. Omba makato yatajwe moja moja kwa kilo: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya usafirishaji, ya ghala. Omba taarifa ya ukaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, isomwe kwa Kiswahili cha kawaida. Hiyo ni haki ya mwanachama, na ukienda na wenzako mnaouliza kwa adabu, viongozi watajiandaa vizuri zaidi mwaka unaofuata.

Vikoba vinajenga umoja au vinatuongezea madeni?

Vinaweza kufanya yote mawili, kutegemea fedha inayokopeshwa ni ya nani. Ninavyovipenda ni vile vya kuweka na kukopa fedha zenu wenyewe, mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kusambaa Afrika nzima. Tazama kikao kimoja. Akina mama wameketi duara, kila mmoja na namba yake. Sanduku la bati linawekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anamnyooshea mtu yeyote mkono: "Dada, kikao kilichopita tulifunga na shilingi ngapi?" Anajibu. Wengine wanakubali au wanamsahihisha. Ndipo kufuli zinafunguliwa na wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti. Kila mtu ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, anagongewa mhuri kitabuni, na mfuko wa jamii unachangiwa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na misiba.

Mama asiyejua kusoma analinda fedha za kikundi sawa na mwalimu mstaafu, kwa sababu kumbukumbu iko vichwani mwa wote. Mimi nafurahi kila nikiona hilo. Lingehamia kwenye mkutano wa kijiji, tungekuwa mbali.

Kwa maeneo ya korosho nashauri mzunguko uvunjwe Mei au Juni, wakati wa palizi na salfa, badala ya Desemba ambapo fedha zipo tayari. Mtu akipata mgao wake wakati wa ukata, kangomba hampati.

Madeni mabaya yanakuja pale kikundi kinapochukua mkopo wa nje wenye riba ya kila wiki na wanachama kudhaminiana bila kujuana. Hapo urafiki wa miaka unaweza kuvunjika kwa sufuria iliyobebwa kufidia rejesho.

Mweka hazina wetu alikimbia na fedha. Watu hawataki tena kusikia habari ya kikundi. Tunaanzaje?

Kwanza, kaeni mlizungumze. Wengi wanaruka hatua hii kwa aibu, wanaanzisha kikundi kipya chenye jina jipya na hofu ileile. Andikeni nani alidai kiasi gani. Kama mhusika ana ndugu, wazee wa ukoo waitwe. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mjomba ana uzito, na mara nyingi kikao cha wajomba kimerudisha sehemu ya fedha ambayo polisi wasingeirudisha. Kisichorudi kitamkwe kwamba hakirudi.

Pili, anzeni na watu wachache na kiasi kidogo sana, kiasi ambacho kikipotea hakuna atakayelala njaa. Mfanye mzunguko mfupi wa miezi mitatu, mgawane, kisha mwanze tena. Fedha isilale kwa mtu mmoja hata usiku mmoja bila kufuli za wengine. Mkikua, fungueni akaunti yenye watia saini watatu. Uaminifu utarudi kwa migao iliyotimia. Hotuba haiwezi kuurudisha.

Tuunde kikundi ili tupate mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri?

Mikopo hiyo ni haki: asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejea 2024. Lakini kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo hufa mkopo ukitoka, au hufa usipotoka. Kaeni mwaka mmoja mkiwekeza vyenu kwanza. Mkishajua nani huchelewa na nani hulipa, mkopo utawakuta mmesimama.

Michango ya shule: tulazimishe?

Hapana. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba shule sasa ni ya serikali peke yake, na viongozi nao waliogopa kuchangisha wasionekane wanapinga maelekezo. Kilichofuata kwenye vijiji vingi ni kila upande kumsubiri mwenzake. Mchango wa hiari uliojadiliwa na mkutano bado unaruhusiwa, na mara nyingi serikali huja kumalizia boma ambalo wananchi wamelinyanyua.

Kinachofanya kazi nimekieleza kwenye msiba. Daftari liwe wazi. Asiye na fedha apewe nafasi ya kuleta mchanga, kokoto, maji au siku ya kazi, na mchango wake usomwe kwa heshima ileile kama wa aliyetoa laki. Mama aliyebeba ndoo kumi za maji ya kuchanganyia zege ametoa. Jina lake lisomwe.

Mradi wa maji ulikabidhiwa kijiji, pampu ikafa. Nani alaumiwe?

Uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, juu yake maji hayatuami. Vyanzo viko chini mabondeni, na vizazi vya akina mama wamepanda mteremko ule na ndoo kichwani. Kwa hiyo bomba likikauka huku, machungu yake ni makubwa. Sheria ya Huduma za Maji ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vinakusanya fedha za maji na kutunza miradi. Penye chombo kinachobandika ubaoni kila mwezi maji yaliyouzwa, fedha iliyopatikana na iliyotumika, watu wanalipa. Pasipo ubao, watu wanachota bure usiku, na pampu ikifa hakuna akiba. Ombeni ubao kabla ya kuomba pampu mpya.

Kuna mfano wowote wa hapa kwetu uliofanikiwa?

Upo, Kilwa. Kwa Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, kikausimamia na kubaki na mapato ya kuvuna. Vijiji kadhaa vya Kilwa vilifanya hivyo kwa msaada wa wataalamu wa uhifadhi wa mpingo. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mpingo ule ndio unaotengenezwa klarineti na obo huko Ulaya. Zamani gogo liliondoka kijijini kwa bei ya chai. Sasa kijiji kinahesabu, kinagonga magogo mhuri kwa nyundo, kinauza, na mkutano mkuu unaamua fedha iende wapi.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka huohuo wa 2009, alitumia maisha yake kuchunguza kwa nini baadhi ya jamii hutunza misitu, maji na uvuvi bila kugombana. Aliona mambo yanayojirudia: wanaotumia ndio wanaotunga kanuni, walinzi wanawajibika kwa watumiaji, na adhabu inaanza ndogo kisha kuongezeka. Jambo la mwisho linatuhusu sana. Sheria ndogo zetu nyingi zinaanza na faini kubwa ambayo hakuna anayethubutu kumtoza jirani yake, na hivyo hazitumiki kabisa. Zifanyeni ndogo, zipitishwe na mkutano na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, halafu mtoze kila mara.

Wafugaji wamehamia kijijini kwetu. Tushirikiane nao vipi wakati tunagombana?

Tangu wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi walielekezwa mkoa wa Lindi. Wameshakaa. Watoto wao wamezaliwa hapa. Migogoro ya mashamba kuliwa ni ya kweli na imeumiza watu, sitaki kuipamba. Hata hivyo naona kosa kubwa: wengi wao hawaitwi kwenye mikutano, hawamo kwenye kamati, na tunakutana nao siku tu ya ng'ombe kuingia shambani. Ugomvi ndio unakuwa utambulisho.

Undugu wa mtu na watu wake tunao mwingi. Tunaopungukiwa nao ni ule unaovuka kabila, dini na kazi. Mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004. Busia, maeneo yenye makabila mchanganyiko yalichangia shule kidogo zaidi. Meatu tofauti hiyo haikuonekana, na alihusisha jambo hilo na siasa yetu ya kujenga taifa, Kiswahili kikiwemo. Tumeshaweza hili kabla. Anzeni na kamati ya malambo na njia za mifugo yenye wakulima na wafugaji sawa kwa sawa, ikae kila mwezi hata pasipo ugomvi. Na msiba wa mfugaji, nendeni.

Vijana hawaji kabisa. Wamepotea?

Wapo uwanjani. Fanya bonanza la mpira, utawaona wote, wamejipanga, wana katibu, wana jezi walizochanga wenyewe. Kijana anayesimamia fedha za timu anaweza kusimamia za kijiji. Ila mkutanoni anaambiwa akae nyuma asubiri wazee wamalize. Mpeni kazi yenye jina: kuandika muhtasari na kuusambaza WhatsApp kabla ya jua kuzama, kupima mita za maji, kuandaa daftari la wakazi. Jukwaa la kijiji kwenye simu liwe la taarifa na risiti; mabishano yasubiri mkutano, maana ya kwenye simu hayapoi.

Na waliohamia Dar es Salaam msiwahesabu kama waliopotea. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, safari ile si ya siku kadhaa tena. Wanarudi kwenye misiba na kwenye jando na unyago wakati wa likizo. Itisheni mkutano wakati huo.

Mimi naishi Mtwara mjini, mtaa wa wapangaji. Hatujuani. Nifanyeje?

Anza na nyumba kumi zinazokuzunguka na jambo moja: taa ya njia, takataka, au ulinzi wa usiku. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa hata kama wewe ni mpangaji, maana mkazi ni mkazi. Mfuko mdogo wa msiba wa wapangaji ndio unaoshika haraka kuliko kitu kingine chochote nilichoona mjini.

Tutajuaje kama hali inabadilika?

Andikeni mahudhurio ya kila mkutano, wanawake, wanaume na vijana kando kando. Andikeni pia waliouliza maswali, na mangapi ya "yatokanayo" yalikuwa yamekamilika. Mwanzoni maswali makali yataongezeka, na viongozi wengine wataona mambo yameharibika. Waelezeni kwamba aliyekata tamaa haulizi. Baada ya mikutano minne, yaani mwaka mmoja, someni namba hizo mbele ya watu, pamoja na zile zilizoshuka, na muwaulize wenyewe kwa nini zimeshuka.